Pemba si Unguja ndogo: jibu kwa mama anayehamia Chake Chake

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, mwenyeji wa Morogoro. Mume wangu amehamishiwa kikazi Chake Chake, Pemba, na mwezi ujao anatakiwa aripoti. Hapa nyumbani ninalima mbogamboga na kufuga kuku, ndiyo riziki yangu. Niliwahi kufika Unguja mara moja, Nungwi na Paje, nikaona mchanga, mawe na hoteli. Sasa kila ninayemwambia habari hii ananitisha: Pemba ni hivyo hivyo ila ndogo zaidi, maji ya chumvi, hakuna kinachoota, bahari ya kuvukia inaua watu, kisiwa kizima ni uchawi, na wenyeji hawataki Wabara. Je, kuna ukweli gani? Nitaweza kulima? Nikae sehemu gani? Au nibaki Morogoro na watoto, mume awe anakuja likizo?"

Marahaba, binti yangu. Umeuliza mengi, lakini naona hofu yako ni moja: unaogopa kuiacha ardhi unayoijua uende mahali ambapo mikono yako haitakuwa na kazi na watoto wako hawatakuwa na marafiki. Jibu langu ni kwamba unaweza kwenda, na kulima utalima, ila lazima kwanza uitoe ile picha ya Nungwi kichwani. Pemba haifanani na ulichokiona pale. Na tofauti hiyo ina sababu ambayo ukiielewa, nusu ya maswali yako yatajijibu yenyewe.

Sababu yenyewe ni kina cha bahari. Kati ya Unguja na bara maji si marefu; sehemu kubwa ya mkondo ule haifiki hata mita 60. Zama za barafu, miaka 20,000 hivi iliyopita, usawa wa bahari duniani ulishuka kwa takriban mita 120, na Unguja ikawa sehemu ya bara. Mtu angeweza kutoka Bagamoyo akafika kwa miguu, na wanyama walifika: kima punju, paa, hata chui. Pemba haikuunganika. Mkondo unaoitenga na pwani ya Tanga una kina kinachokaribia mita 800, kwa hiyo bahari iliposhuka, mkondo ule ulibaki bahari vile vile. Pemba ilikatika kutoka bara mamilioni ya miaka iliyopita kwa kupasuka na kudidimia kwa miamba, na tangu hapo imekaa peke yake.

Ndiyo maana kuna viumbe ambao hutawaona popote duniani ila huko. Yuko ninga wa Pemba, bundi wa Pemba, chozi wa Pemba na kinengenenge wa Pemba. Na yuko popo mkubwa anayekula matunda, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hupita mita moja. Popo huyu alikaribia kumalizika mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kuwa watu walikuwa wakimwinda kwa ajili ya nyama na misitu ilikuwa ikikatwa. Wanavijiji wenyewe, pale Kidike na kwingineko, wakaanza kuyalinda makazi yake, na leo wapo zaidi ya 20,000. Wapeleke watoto Kidike wakawaone wamening'inia juu ya miti mchana, wakigombana. Hifadhi nyingine ambayo sitaki uikose ni msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi, ambao ni mabaki ya msitu wa asili uliowahi kufunika sehemu kubwa ya kisiwa.

Sasa tuje kwenye udongo, maana najua hapa ndipo ulipo moyo wako.

Ukiitazama Pemba kwa upana, utaikuta imegawanyika kwa urefu. Upande wa magharibi na katikati ni vilima na mabonde, vilima vingi vidogo vilivyosongamana kiasi kwamba barabara haikai sawa hata kilomita mbili. Udongo ni wa kina, wekundu kwa sehemu nyingi, na mvua ni nyingi kuliko Unguja. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na hata katikati ya hapo manyunyu hayakomi kabisa. Juu ya vilima ndiko iliko mikarafuu, miembe, minazi na migomba. Chini mabondeni ndiko watu wanakolima mpunga. Mabaharia wa Kiarabu wa zamani walikiita Kisiwa cha Kijani, na ukishuka kwenye ndege utaona hawakutia chumvi.

Upande wa mashariki, hasa Micheweni, mambo ni mengine. Huko ardhi ni tambarare, jiwe la matumbawe liko karibu na uso, udongo umejaa katika vishimo tu vya mawe. Wenyewe huita maweni na uwanda. Wanalima muhogo, mtama na kunde, wanafuga, na tegemeo lao kubwa ni bahari: uvuvi na mwani. Hali ya maisha huko ni ngumu kuliko magharibi, na sitaki nikufiche. Mtu aliyekwambia "hakuna kinachoota" huenda alifika Micheweni wakati wa kiangazi akarudi.

Chake Chake iko katikati ya kisiwa, kwenye vilima, na ghuba inaingia mpaka karibu na mji. Kwa hiyo mume wako amepangiwa mahali pazuri kwa mkulima. Mchicha, bamia, biringani, matango na pilipili vinakubali vizuri. Nyanya inasumbua wakati wa masika kwa sababu ya unyevu na ukungu. Usitegemee ya Morogoro ikupe mavuno yale yale, anza na kitalu kidogo uone. Kuku pia wanafugika, ila piga hesabu ya chakula chao mapema, kwani sehemu kubwa ya nafaka inaletwa kwa boti na boti ikichelewa bei hupanda. Kuku wa kienyeji wanaojitafutia watakupa usingizi zaidi kuliko wa kisasa, angalau kwa mwaka wa kwanza.

Kuhusu shamba lenyewe kuna jambo moja ambalo Wabara wengi hulikosea, na ugomvi huanzia hapo. Zanzibar ardhi yote ni ya serikali kisheria, na watu wana haki ya kuitumia. Zaidi ya hapo, Pemba mwenye ardhi na mwenye miti wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Unaweza kuazimwa kipande cha kulima mchicha na mzee mmoja, kumbe minazi mitatu iliyomo ni ya dada yake, na mkarafuu pale pembeni ni wa familia nyingine kabisa au ni wa serikali. Kwa hiyo uliza miti ni ya nani kabla hujatia jembe, na usikate tawi la mkarafuu hata kama linakuzibia jua. Kukata mkarafuu bila kibali ni kosa kisheria. Makubaliano yoyote ya shamba yafanyike mbele ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia (mtaa au kijiji) husika, kwa maandishi. Hili si jambo la kumalizia kwenye simu na dalali. Nenda mwenyewe, kanyaga ardhi, na umwone pia afisa kilimo wa wilaya, ambaye atakwambia bonde lipi linajaa maji ya chumvi bahari ikipanda. Liko tatizo hilo, hasa pembezoni na visiwa vidogo kama Kisiwa Panza, ambako watu wamepoteza mashamba ya mpunga kwa kuingiliwa na bahari.

Huwezi kuishi Pemba bila kuielewa karafuu, basi vumilia kidogo. Mikarafuu ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na mwanzoni Unguja ndiyo iliyoongoza. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Unguja kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Kuanzia hapo mashamba ya Pemba yakapanuliwa, na yalipanuliwa kwa jasho la watumwa walioletwa kutoka bara, wengine wao kutoka makabila ambayo wewe unaishi nayo Morogoro mpaka leo. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897. Wajukuu wa watu wale ni Wapemba leo, wameoana na wenyeji na Waarabu kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo anayekwambia kwamba Mpemba na Mbara ni mbali na mbali hajaijua historia ya kisiwa hicho.

Hadi sasa Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa kabisa ya karafuu ya Zanzibar. Msimu ukiwa mzuri utaona kisiwa kizima kinabadilika: vijana juu ya miti, kina mama wanachambua karafuu kutoka kwenye makonyo usiku, majamvi yameanikwa hata pembezoni mwa lami, na harufu inaingia mpaka kwenye nguo kabatini. Wachumaji hulipwa kwa pishi. Karafuu kavu hununuliwa na shirika la serikali, ZSTC, na hata makonyo hayatupwi; pale Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, kuna kiwanda kinachoyakamua mafuta. Fedha ya msimu ndiyo inayojenga nyumba, inayolipa mahari na inayojaza maduka. Mwaka ambao mikarafuu haikuzaa, na ipo miaka hiyo kwa kuwa mti huu hauzai sawa kila mwaka, biashara yako ya mboga nayo utaiona imelegea. Panga akiba yako ukilijua hilo. Na tafadhali, mtu akikuomba umsafirishie gunia la karafuu kwenda bara, kataa. Ni magendo, na wanaokamatwa wanashitakiwa.

Usidhani unakwenda kwenye kisiwa cha watu wachache. Kwa sensa ya 2022 Pemba ina watu 543,441 katika eneo lisilofika kilomita za mraba 1,000. Imegawanywa mikoa miwili: Kaskazini Pemba yenye wilaya za Wete na Micheweni, na Kusini Pemba yenye Chake Chake na Mkoani. Mikoa yote miwili inakaribiana sana kwa idadi, kila mmoja una zaidi ya watu 270,000. Miji ni midogo, lakini kati ya mji na mji nyumba hazikatiki, kwa sababu Wapemba kwa desturi hawajikusanyi kijiji kimoja. Kila ukoo unajenga kwenye kilima chake, karibu na miti yake.

Na ni watu wa mijini tangu kale, usishangae. Tumbe, kaskazini, kulikuwa na makazi makubwa tangu karne ya 7 au ya 8. Mtambwe Mkuu, karibu na Wete, mwaka 1984 yalifukuliwa zaidi ya masarafu 2,000 ya fedha ya karne ya 10 na 11, yenye majina ya watawala wa hapo hapo. Ras Mkumbuu ina magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Pujini, mwendo mfupi tu kutoka mtakakoishi, kuna magofu ya ngome ya mtawala ambaye simulizi humwita Mkama Ndume, mtu katili kwa masimulizi ya wenyeji. Watoto wako watasoma historia kwa kuikanyaga.

Ubaguzi unaousikia unahusu mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni siasa. Pemba imeumia. Baada ya uchaguzi wa 1995 na ule wa 2000 uhasama ulikuwa mkubwa, na tarehe 27 Januari 2001 waandamanaji waliuawa kwa risasi, na watu zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Maridhiano yalikuja baadaye, na kura ya maoni ya Julai 2010 ikaanzisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa, lakini familia zilizozika watu hazijasahau. Kwa hiyo mgeni asianzishe mazungumzo ya siasa, na mume wako kama mtumishi asipeleke ushabiki wa chama mtaani. Ukiulizwa, sema umekuja kulima.

La pili ni staha. Hiki ni kisiwa cha Waislamu kwa takriban asilimia mia, na watu wanajali mavazi, salamu na heshima kwa jirani. Wewe hukuniambia dini yako, wala haidhuru. Makanisa yapo, ingawa machache. Jifunike khanga ukitoka, usile hadharani mchana wa Ramadhani, piga hodi na usubiri ukaribishwe. Mwezi wa kwanza wataonekana wakimya. Akiumwa mtoto wako au wa jirani, akizaliwa mtu, akifiwa mtu, ndipo utakapoingia ndani ya nyumba za watu, na usikose hapo. Kwa kusema kweli, Wapemba ndio wanaojua zaidi kuliko watu wengi wa nchi hii maana ya kuwa mgeni. Wavuvi wa kisiwa cha Kojani huondoka miezi mingi kwenda dago, wakipiga kambi kando ya pwani mpaka Kenya. Wapemba walioweka makazi Kwale na Kilifi waliishi vizazi bila uraia hadi mwaka 2023 serikali ya Kenya ilipowatambua. Na duka la Mpemba huko Morogoro bila shaka umeshanunua sukari humo. Muulize huyo mwenye duka kwao ni wapi. Huenda akakupa jina la dada yake Chake Chake kabla hujafunga mizigo.

Uchawi. Sifa hiyo ni ya zamani na waganga wapo, kama walivyopo Morogoro, Sumbawanga au Gamboshi kwa jina lake. Ila utakachokiona wewe kila siku ni watoto wakienda chuoni, yaani madrasa, asubuhi na mabuku yao, na watu wazima wakienda shamba. Hofu ya uchawi ina madhara yake ya kweli, nayo ni kumchelewesha mgonjwa. Mtoto akipata homa, au akikojoa damu, asipelekwe kuaguliwa. Mpeleke hospitali: ipo Chake Chake, ipo Wete, na Mkoani iko ya Abdalla Mzee.

Nimetaja kukojoa damu kwa makusudi, maana hili linamhusu mkulima wa bondeni moja kwa moja. Ni dalili ya kichocho cha mkojo, ugonjwa ambao Pemba inao kwa miaka mingi. Wengi hudhani unapatikana kwa kunywa maji machafu. Hapana, unapitia kwenye ngozi. Mgonjwa akikojoa kwenye kijito au dimbwi, mayai hutotoa vijidudu vinavyoingia kwa konokono wadogo wa maji baridi, vikakua humo, kisha vikatoka vikiogelea kutafuta ngozi ya mtu aliyesimama majini. Kwa hiyo maji ya bahari hayana kichocho, wala ya bomba. Hatari iko kwenye vijito na madimbwi yenye konokono, palepale watoto wanapopenda kuogelea na mama anapochota maji ya kumwagilia. Kampeni za kugawa dawa na utafiti uliofanywa na maabara ya Ivo de Carneri, pale Wawi, zimeupunguza sana ugonjwa huu, lakini haujaisha. Vaa buti za mpira bondeni, wakataze watoto kuoga kijitoni, na dawa ikigawiwa shuleni wameze. Ugonjwa huu ukigundulika mapema unatibika kwa vidonge.

Maji ya kunywa ya Chake Chake si ya chumvi; mvua ile inaingia ardhini, na visima vya vilimani ni vitamu. Tatizo ni mgao. Tafuta nyumba yenye tangi, na ukiwa unaangalia nyumba, fungua bomba kabla hujaulizia kodi.

Bahari nimeiacha mwisho kwa sababu hofu yake ina msingi. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama usiku ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na hakuna ukoo Pemba ambao haukuguswa. Maji ya kati ya Nungwi na Pemba ni marefu na wazi kwa bahari kuu, hakuna mwamba wa kuyazuia. Mkondo wa bahari hapo huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi makubwa hutoka kusini mashariki. Wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, upepo huvuma kinyume cha mkondo na mawimbi yakawa mafupi na makali. Kilichoua watu 2011 kilikuwa kujaza chombo. Bahari ile ile inavukika kila wiki kwa chombo kizima chenye idadi halali. Panda boti inayoandika majina ya abiria, ukiona imejaa shuka, na mamlaka ya hali ya hewa ikitoa tahadhari, ahirisha. Usipande chombo cha mizigo kutoka Tanga kwa sababu ya nauli nafuu ukiwa na watoto. Ndege kutoka Unguja ni kama nusu saa. Kwa safari ya kwanza ningeichagua hiyo hata kama ina gharama, na mizigo ipite njia yake.

Sasa lile swali la kubaki au kwenda. Kubaki Morogoro kuna faida moja ya kweli: shamba lako linaendelea na kipato hakikatiki. Hasara yake ni nauli, na baba kuwa mgeni kwa watoto wake. Ningekushauri mume atangulie akiwa peke yake miezi miwili au mitatu, aulize nyumba na shule, amfahamu sheha. Wewe maliza mavuno yaliyopo shambani. Kisha vuka wakati wa maleleji, pale kaskazi inapoisha au kusi inapolegea, na ukiweza usifike katikati ya masika, maana mwezi wa Aprili hata mwenyeji wa Pemba hapandi mboga, anangoja mvua ipungue. Fika Septemba, andaa vitalu, vuli ikukute una miche. Beba mbegu zako za mchicha na nyanya, lakini usibebe miche wala udongo. Kuna ukaguzi wa mimea bandarini na una sababu zake. Na ukifika Wete, nunua haluwa, umpelekee jirani wa kwanza.